Kuhusu Kiatu Changu cha Kushoto na Kuchelewa Kwangu Kurudi Kazini

Kwa: Mkuu wa Ofisi
Kutoka: Karani wa Masjala, kwa sasa yuko kisiwani

Mheshimiwa Mkuu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana najua ukisoma barua kabla ya chai huwa unaandika "HAPANA" pembeni hata kama hujaombwa kitu.

Barua yako nimeipata kwa boti ya juzi, ikiwa imekunjwakunjwa. Umeandika kwamba likizo yangu ya siku kumi na nne imefikisha siku hamsini; kwamba nisiporipoti Jumatatu ijayo saa moja na nusu asubuhi, kiti changu cha dirishani atapewa yule karani kijana, Kiherehere, moja kwa moja; na kwamba sababu niliyoitoa mwanzo, yaani "kiatu kina wenyewe", haieleweki. Mkuu, imeniuma. Kiti kile nimekikalia miaka ishirini na mbili. Naomba nieleze kwa utaratibu, na ukimaliza kusoma utaona mwenyewe kwamba sina kosa, na huenda ofisi ndiyo inayopaswa kuniomba radhi.

Unakumbuka kwamba tuna Kamati ya Safari. Kwa miaka tisa kamati hiyo imekutana kupanga safari ya kwenda kuona viumbe wa visiwani. Tumechagua mwenyekiti mara nne, tumeshona fulana mara mbili, na hatujawahi kufika hata stendi. Mwaka huu nikapiga moyo konde, nikaja peke yangu: bila kampuni ya watalii, bila kiongozi, bila fulana. Mama watoto nilimwomba tufuatane akakataa. Alisema, "Nivuke maji yote hayo nikatazame ndege? Kuku si tunao?" Basi nikapanda lori, kisha meli ya mizigo siku mbili juu ya magunia ya vitunguu, kisha boti inayokuja huku mara moja kwa wiki. Nilivaa suruali ya ofisi na viatu vya ofisi, kwa sababu mtu anayesafiri peke yake akivaa ovyo huulizwa maswali mengi.

Kisiwa kina kibanda cha wageni chenye vitanda vinne, tangi la maji, mlinzi mmoja, na wanyama ambao hawajaambiwa kwamba binadamu anatisha. Benchi ni moja tu, na juu yake analala sili, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi na masharubu. Ukifika hafungui hata jicho. Kobe wakubwa kuliko meza yangu wanakatiza njia kwa robo saa nzima, nawe unasimama unangoja. Mwanzoni nilidhani ni dharau, nikataka kuuliza aliye juu yao ni nani. Kisha nikaona sheria zilizobandikwa mlangoni. Sheria ya tano inasema ni marufuku kugusa, kusogeza wala kusumbua kiota cha ndege, popote kitakapokuwa.

Siku ya pili nilivua viatu mlangoni, kwa adabu ya nyumba, nikawa natembea peku. Siku ya nne nikavifuata. Cha kulia kilikuwa salama. Cha kushoto, salaale! Kilijaa majani makavu na manyoya, na juu yake amekaa ndege mdogo wa kijivu, ananitazama kama mimi ndiye niliyekosea chumba. Chini yake mayai mawili.

Nikamwita mlinzi. Akachuchumaa, akachungulia, akasimama, akasema, "Mzee, hapo ndiyo basi tena." Akapanga mawe kuzunguka kiatu, akasimika kibao, akatoa daftari lake na kuandika: Kiota namba 214, aina ya makazi: kiatu, cheusi, cha kushoto. Mkuu, hapo wewe na mimi tunaelewana. Jambo likishaingia daftarini na kupewa namba, hakuna wa kulifuta mpaka shughuli iishe. Ulinifundisha hivyo mwenyewe siku yangu ya pili kazini, nilipotaka kumsaidia mtu haraka.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Waraka wa Viatu. Waraka unasema mtumishi asiyevaa viatu vyeusi vya kufunga kamba, jozi kamili, arudishwe getini. Uliusaini wewe, niliuchapa mimi, na maneno "jozi kamili" niliyaongeza mimi kwa kujipendekeza. Sasa yananitafuna. Nikija na kiatu kimoja, narudishwa getini. Nikikichukua cha pili, nimevunja sheria ya tano. Viatu vingine sina. Mama watoto ni shahidi wangu katika hili, na yeye anajua kila kitu kilichomo kabatini mwetu.

2. Kiherehere. Nasikia ameshahamishia kikombe chake dirishani. Kijana ana mwaka mmoja na nusu tangu aajiriwe, juzi tu alikuwa ananiuliza utepe wa mafaili unafungwaje, leo anapimia makalio yake kwenye kiti changu! Kiti kile mguu mmoja ni mfupi, nimeuwekea kitu chini ili kisiyumbe. Mtu asiyekijua ataanguka, na mimi sitakuwapo kucheka.

3. Fomu ya likizo. Kwenye sababu za kuongezewa siku kuna ugonjwa, msiba, mtihani na uzazi. Nilijaza "uzazi", nikarudishiwa ikiwa na alama nyekundu ya kuuliza. Mkuu, naomba na mimi niulize. Mayai yalipoanguliwa, na yule ndege alipokwenda kutafuta wadudu, nani alisimama na mwavuli jua lisiwachome watoto wake? Nani alimzuia kobe asipite juu yao? Kobe wa kiasi kile hasukumwi, anabembelezwa, na inachukua asubuhi nzima. Kuna siku yule ndege alichoka, badala ya kurudi kiatuni akatua gotini kwangu. Nilikaa dakika arobaini bila kukohoa. Wewe unajua dirishani kwangu watu hunionaje. Wakiniona tu wanakunja uso, kwa sababu wameshajua nitasema faili halionekani. Yule mama wa kiwanja, anayetafuta faili la kiwanja chake, amekuja kila mwezi kwa miaka sita, siku hizi hata haulizi. Ananitazama, natikisa kichwa, anaondoka. Na huku kiumbe kizima kimekuja chenyewe kukaa juu yangu. Nilifurahi, Mkuu. Sina lugha ya ofisi ya kuliandika hilo, kwa hiyo nimeliandika hivyo hivyo.

4. Namba hii naiacha wazi kwa ajili ya malalamiko nitakayoyakumbuka baadaye.

5. Hoja yenyewe sasa. Kwa mujibu wa waraka wako, kiatu ni sehemu ya sare. Sare ni kitu cha ofisi. Basi aliyemo ndani ya kiatu yumo ndani ya ofisi. Ndege huyo, kwa hiyo, ni mwananchi aliyefika ofisini kupata huduma, nami niliyekaa kando yake tangu asubuhi hadi jioni nilikuwa kazini. Tena ni mwananchi wa kwanza katika miaka yangu ishirini na mbili kuhudumiwa siku ile ile aliyofika. Hivyo sijachelewa hata dakika moja. Ukiacha za njiani, nimetumia siku nne tu za likizo, na kumi zilizobaki naomba nirudishiwe.

6. Kama namba tano ni kweli, na sioni itakavyokuwa si kweli, basi huku tayari ni tawi letu. Naomba tawi litambuliwe rasmi na niletewe muhuri, kidau cha wino na daftari la mahudhurio lenye ule mstari mwekundu. Mlinzi wa geti hatuhitaji kuajiri. Sili yupo pale muda wote, na kama yule wetu, analala lakini hajawahi kukosekana. Kamati ya Safari inakaribishwa kuja kukagua, wakishajua stendi iko upande gani.

Naomba basi, kabla ya Jumatatu, kiti changu kilindwe, kikombe cha Kiherehere kirudi kwenye rafu kilikotoka, na Waraka wa Viatu uongezewe maneno haya: "isipokuwa kama kimoja kina makinda." Nitauchapa mwenyewe. Mkuu, sikuombi upendeleo. Bila kiti kile mimi ni nani? Hata jirani zangu wananiita Masjala.

Nisalimie wote: tarishi na baiskeli yake, dada anayetuchemshia chai, wajumbe wa Kamati mmoja mmoja na mwenyekiti mara mbili, na hata Kiherehere, lakini yeye msalimie akiwa amesimama.

Naiweka kalamu chini kwa heshima zote na mguu mmoja peku,

Karani wa Masjala,
Kiti cha Dirishani

Baada ya kusaini: Mkuu, makinda yameruka. Yaliruka wiki mbili zilizopita, moja asubuhi na mapema, la pili likasitasita mpaka adhuhuri, na lilipoondoka nililipigia makofi hadi mlinzi akatoka nje kuuliza kuna nini. Tangu hapo boti imekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia nahodha natafuta kamba ya kiatu. Mara ya pili, yaani juzi, nilichuchumaa nyuma ya kobe. Kobe akaondoka, nikaonekana.

Aliyeniona ni mama watoto. Mkono mmoja ameshika barua yako, ameikunja kwa hasira, na mkono mwingine ameshika viatu vyangu vya harusi: vyeusi, vya kufunga kamba, jozi kamili. Hakunisalimia. Alisema tu, "Vaa, twende." Nikamwomba akae kidogo apumzike, maana alikuwa ametoka juu ya magunia ya vitunguu. Akakaa chini, amenuna, kanipa mgongo. Yule ndege wa kijivu akaja, akatua kwenye ncha ya kiatu chake. Mama watoto akaacha hata kupumua. Boti ilipiga honi mara tatu, Mkuu, na hakuna kati yetu aliyeinuka.

Kiti mpe Kiherehere. Kwenye namba nne, niliyoiacha wazi, andika hivi: chini ya ule mguu mfupi nilichoweka ni faili la yule mama wa kiwanja. Nililiweka siku nilipokuwa na haraka, nikasahau, nikaja kukumbuka huku, ndege akiwa gotini. Kiherehere alichomoe, ampelekee nyumbani kwake leo leo, na amwombe radhi kwa niaba yangu. Kiti kitayumba. Avumilie.

Kiatu changu nimekipangusa kwa nje, nimelegeza kamba, nikakirudisha pale pale kati ya mawe. Vya mama watoto, alivyovua mwenyewe, viko kando yake, vyote viwili.