Kuhusu Binti Yangu Kufundishwa Kulia Chuo Kikuu

Kwa Mkuu wa Idara ya Ngano na Utamaduni wa Watu wa Ireland

Mheshimiwa Profesa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, umestarehe kwenye kiti kinacholipiwa na kodi zetu. Mimi ni Dympna Gaffney wa Ballycroy, Mayo, mama wa Muireann, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Wenzake wanasomea uuguzi na uhasibu. Wangu anasomea vibwengo, visima vitakatifu na nyimbo za mashabiki wa mpira. Hayo niliyanyamazia. Lakini msiba wa shemeji yangu Malachy umenishinda.

1. Tulimlaza marehemu sebuleni kwa heshima. Watu wakanywa chai, wakala sandwichi za nyama ya nguruwe, wakazungumzia bei ya ndama. Msiba ulikuwa unakwenda vizuri kabisa. Ndipo msomi wako akaingia, akasimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo kwa shuka, akafungua dirisha ili roho itoke. Mwezi wa Februari, baridi kali! Padri Hegarty mpaka leo ana mafua.

2. Kisha akapiga magoti kando ya jeneza, akafumua nywele, akaanza mbolezi, ule wimbo wa kale wa kumlilia maiti. Nikamnong'oneza, "We mtoto, watu wanatuangalia!" Akanijibu, "Ndivyo inavyotakiwa, Mama." Kulia mwanangu alijua tangu siku aliyozaliwa. Hakuhitaji profesa.

3. Katikati ya mbolezi akamuuliza maiti kwa sauti, "Malachy, mbona umeondoka bila kupatana na ndugu yako?" Ndugu mwenyewe ni Festus, mume wangu. Waligombania lango la malisho, wakanuniana miaka ishirini, kwa utulivu, bila kumsumbua mtu. Festus akaangusha kikombe, akamkumbatia maiti. "Nisamehe, kaka! Lango lilikuwa lako!" Mbele ya majirani! Sasa parokia nzima inajua, na mume wangu analia hata akikamua ng'ombe.

Kwa hiyo naomba umfute Muireann mara moja, ama umhamishie uhasibu. Wahasibu nao huliza watu, lakini ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Wasalimie walimu wenzako wote, pamoja na vibwengo wenu.

Wako mwenye masikitiko,
Bi. Dympna Gaffney

Tanbihi: Leo nimetoka kwa daktari nikaikuta barua hii bado mezani, na kuandika upya nimeona uvivu. Daktari amesema Krismasi sitaifikia. Usimfute. Muireann anasema mbolezi kamili mnaifundisha mwaka wa tatu. Tafadhali, mfundisheni haraka kidogo. Sitaki kuliliwa nusunusu.