Msaragambo wa Mawe Meupe

Jumatatu, 8 Julai

Wameninyang'anya sehemu yangu. Mchana kweupe!

Nimeteremka na mzigo wa ndizi kutoka Bombo, nikafika Same mjini, nikapinda kuegesha pikapu yangu kwenye kivuli cha mwarobaini, mbele kabisa ya geti la soko. Pale pale ninapoegesha siku zote. Nikakuta mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, kutoka stendi mpaka sokoni. Ndani ya mstari, baiskeli. Zinapita chini ya mwarobaini wangu na kunipigia kengele!

Mtendaji wa kata, Bi Fortunata, alinieleza kwa upole kwamba hiyo ni njia ya muda ya baiskeli. Wanaijaribu kwa miezi mitatu. Wauza maziwa na wabeba mboga wamechoka kusukumiwa mtaroni na magari. Nikamwuliza mimi nisimame wapi. Akanionyesha kwa kidole, nyuma ya machinjio.

Mimi, Eliufoo! Mwenyekiti wa madereva wa mizigo! Niwe nyuma ya machinjio na inzi!

Anold alicheka mpaka akashika magoti. Dereva mwenzangu huyu ana lori jipya, Kenta, na uenyekiti wangu anautolea macho siku nyingi. Nikapanda juu ya bampa nikawatangazia madereva wote kwamba ikifika Jumamosi jioni, pikapu yangu itakuwa chini ya mwarobaini. Ikishindikana, Anold achukue uenyekiti.

Hotuba nzuri sana. Sauti yangu inafika mbali, nimerithi kwa baba.

Jumanne, 9 Julai

Akili imefanya kazi. Njia ni ya baiskeli, sivyo? Basi nilichukua baiskeli ya mke wangu Priska, nikaipakia nyuma ya pikapu, nikasogeza mawe mawili, nikaingia chini ya mwarobaini. Bi Fortunata alipotokea nikamwambia ndani ya gari hili kuna baiskeli, na baiskeli ina haki ya kuwa humu. Madereva wakapiga makofi! Bi Fortunata akauliza nani anaiendesha. Nikajibu kwamba kwa sasa inapumzika.

Ndipo akafika Clemence. Ni kijana anayesambaza maziwa kwa baiskeli, dumu kulia na dumu kushoto, na amejifanya msemaji wa wenye baiskeli wote. Akasimama nyuma yangu na wenzake, eti hawana pa kupita. Wakapiga kengele. Nikapiga honi. Madereva wote wakaniunga mkono kwa honi. Wauza nyanya wakaziba masikio. Nilijisikia jenerali.

Mara Clemence akapanda nyuma ya gari langu bila hata hodi, akashusha baiskeli, akaipeleka nyumbani kwangu. Akamwambia Priska nimeisahau barabarani. Priska akamshukuru na kumpa chai. Ya maziwa! Mimi hupewa ya rangi.

Gari likabaki halina baiskeli. Nikatoka kwa rivasi, kichwa juu.

Jumatano, 10 Julai

Leo nimetumia miiba. Alfajiri nilikwenda bondeni nikakata matawi ya mgunga, yale yenye miiba mirefu, nikayatandaza njia nzima ya baiskeli. Kisha nikakaa kwa muuza kahawa kusubiri kilio cha matairi.

Kabla Clemence hajafika, akatokea Mama Noonkipa, yule mama wa Kimaasai anayeleta maziwa kutoka nyika ya chini. Akayatazama matawi. Akauliza ya nani. Muuza kahawa, mdomo wake hauna mlango, akanionyesha mimi. Mama Noonkipa akanijia na kunishika mkono kwa mikono miwili. Akanishukuru mbele ya madereva wote. Boma la ndama wake limebomoka upande mmoja, na alikuwa anawaza atapata wapi miiba mizuri namna hii. Akasema mimi ni mwanamume mwenye moyo.

Ningesema nini? Nikasema karibu, mama. Nikayabeba matawi yote kwenye pikapu yangu mpaka bomani kwake, bure. Njiani nilisikia kitu kikichoma tairi la nyuma, ila sikushuka. Mtu mwenye moyo hashuki kwa mwiba mmoja.

Anold ameanza kunisalimia "Bwana Ndama".

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata jibu! Tena lilikuwa ukutani kwangu siku zote!

Nilikuwa nakula, nikainua macho, nikaiona pembe ya baba. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiipuliza Bombo. Akiipuliza jioni, mlima mzima unajua kwamba kesho kuna msaragambo, na asubuhi watu wote wanashuka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Mifereji ya maji, barabara, madarasa, vyote vimejengwa hivyo. Hakuna Mpare anayeisikia pembe akabaki kitandani. Asiyekuja atasemwa mpaka kanisani.

Na hapa mjini nusu ya watu wametoka milimani!

Kwa hiyo nitaita msaragambo. Mtaa mzima utakuja na majembe, nitawaonyesha yale mawe, tutayang'oa na kuyatupa korongoni kabla jua halijapanda. Bi Fortunata atamshitaki nani? Mtaa mzima?

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Elinaza, maana pembe haipulizwi bila ruhusa. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nataka kuita msaragambo Jumamosi, barabara ya sokoni. Akasema marahaba, akasimama, akanikumbatia. Alisema tangu ahamie mjini anasikia matangazo ya spika tu, na kwamba baba yangu angefurahi. Machozi yalikuwa karibu. Yake, na yangu pia kidogo.

Hakuniuliza ni kazi gani. Nami sikusema. Ujanja wangu wote uko hapo. Nikisema, habari zitafika ofisini. Kazi wataikuta hapo hapo.

Ijumaa, 12 Julai

Priska anachagua maharage ya kuchanganya na mahindi kwa makande, maana mwenye kuita msaragambo hulisha watu. Akaniuliza nawaita watu kufanya nini. Nikamwambia kazi wataikuta hapo hapo. Akasema, baba Irine, mtu akiitwa bila kuambiwa atafanya anachojua yeye. Nikamwambia aendelee na maharage.

Jioni nikapanda mwinuko wa juu ya mtaa. Upepo wa Same, vumbi machoni. Nikaweka pembe mdomoni. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu, na watoto wakacheka. Mara ya pili ikalia!

Sijui niandikeje. Ilikwenda mpaka reli, ikagonga mlima, ikarudi. Wanawake wakasimama na ndoo zao. Mzee mmoja akavua kofia. Jirani ambaye hajanisalimia tangu mwaka jana alipaza sauti kutoka uani kwake kwamba kesho yupo. Nilisimama pale mpaka mdomo ukafa ganzi. Mimi ni mtoto wa mpiga pembe wa Bombo, na leo kila mtu amejua.

Jumamosi, 13 Julai

Lazima niandike yote, na kwa mpangilio.

Asubuhi nikapakia sufuria kubwa la makande kwenye pikapu. Nikawasha. Nikaondoka. Mita chache, gari likalala upande! Tairi la nyuma, lile la mwiba wa Jumatano. Lilikuwa linapungua upepo polepole na mimi sikulitazama. Tairi la akiba nilimwazimisha shemeji, naye bado hajalirudisha.

Watu wananisubiri, makande yanapoa, na mimi nazunguka gari na kulipiga teke. Kengele ikalia nyuma yangu. Clemence! Jembe limefungwa ubavuni mwa baiskeli. Akasema shikamoo mzee, umekwama? Hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Akasema pembe yangu aliisikia mpaka kwao mabondeni, na mama yake alimfukuza kitandani kabla ya jogoo. Akanipa nafasi kwenye keria.

Ningefanyaje? Nikakaa kwenye keria ya adui, sufuria mapajani, mvuke usoni, tukateremka.

Barabara kuu ilikuwa imejaa mabasi. Clemence akakata kona akaingia kwenye ile njia. Na hapo, jamani, niliona umati. Sijawahi kuona watu wengi hivyo sokoni siku isiyo ya gulio. Majembe, sururu, makarai, akina mama na ndoo za maji, wanafunzi, mafundi, hata Mama Noonkipa na ndugu zake wawili. Wote wameinama. Wote wanafanya kazi!

Nikafurahi sana. Nikajua mawe yanang'olewa bila hata mimi kusema.

Tulipokaribia nikaona vizuri. Walikuwa wanayachimbia chini. Wamechimba msingi mrefu, wamepanga mawe kwa kamba, na wanamimina zege katikati. Mtaro umezibuliwa. Chini ya mwarobaini wangu wamejenga ukingo wa kukalia. Bi Fortunata, mikono ya gauni imekunjwa, alikuwa anakoroga saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo cha soko!

Mzee Elinaza alinieleza baadaye. Walifika wakanikosa. Wakayatazama yale mawe, yamewekwa juu juu, mtoto anaweza kuyasogeza. Wakaiona kazi. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama hakuna aliyefikiria labda tumekuja kuyaondoa. Akanitazama kana kwamba nina homa. Alisema tangu azaliwe hajasikia watu wakiitwa kwa pembe kuja kubomoa.

Na ni kweli. Hata mimi sijasikia. Baba angenichapa.

Walipotuona, mimi na sufuria juu ya baiskeli, tukiwa wa kwanza kupita kwenye njia mpya, vigelegele vililipuka. Wakanishusha. Wakaninyanyua. Bi Fortunata akasema alinidhania vibaya, kumbe wiki nzima nilikuwa nawapima tu. Akatangaza kwamba njia sasa itakuwa ya kudumu, na kwamba haikutoka ofisini. Imetoka kwa Bwana Eliufoo.

Madereva wamesimama upande wa pili, mikono kifuani. Anold ananisubiri nikane. Pikapu iko juu mtaani na pancha. Maneno mawili tu yangetosha: sikukusudia hivi. Nilifungua mdomo niyaseme.

Lakini watu wote walikuwa wananingoja, na udongo mikononi, na pembe ya baba shingoni mwangu.

Nikasema: ndugu zangu, hivi ndivyo nilivyopanga.

Jumapili, 14 Julai

Mchungaji amenitaja kanisani. Kwa jina! Nilisimama, nikageuka pande zote ili hata wa nyuma wanione. Priska alikuwa anatazama kitabu cha nyimbo huku mabega yakitikisika. Sidhani alikuwa analia.

Baada ya ibada, madereva walikaa kikao bila mimi. Anold ni mwenyekiti. Nimeachia mwenyewe, kwa heshima. Mtu hawezi kubeba vyeo vingi.

Clemence alikuja jioni na dumu dogo la maziwa. Wenye baiskeli wanataka niwe mlezi wao. Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri mpaka alipovaa viatu, nikamwita arudi.

Jumatano, 17 Julai

Wameweka kibao chini ya mwarobaini. NJIA YA ELIUFOO. Nimepita hapo mara kadhaa kuhakikisha herufi zimenyooka.

Napita kwa baiskeli ya Priska. Na nimegundua jambo, madereva wa mji huu hawana adabu! Leo Anold ameegesha Kenta yake tairi moja likiwa juu ya zege yetu. Nilimpigia kengele mpaka kidole kikauma. Akapiga honi. Nikamwambia asome kibao.

Tatizo ni moja. Pikapu yangu, tairi limeshazibwa, iko nyuma ya machinjio. Inzi wameingia mpaka ndani ya dashibodi. Wateja wa Bombo wanapakia kwa Anold kwa sababu hawanioni. Inaniuma. Mtu mwenye njia yake mwenyewe anaegeshaje kwenye utumbo wa mbuzi?

Jioni nimepima kwa kamba. Pikapu inakosa nafasi ya kupita njiani kwa kidogo tu. Upana wa jembe! Mstari mmoja wa mawe ukisogezwa kwa upana wa jembe, nitaingia taratibu, nitasimama chini ya mwarobaini, chini ya jina langu. Nani atamfukuza Eliufoo kwenye Njia ya Eliufoo?

Mzee Elinaza amekubali niite msaragambo mwingine. Alinikumbatia tena. Pembe nimeipaka mafuta, na Ijumaa jioni nitaipuliza. Priska ameuliza safari hii watu wanaitwa kufanya nini.

Nimemwambia aloweke mahindi. Kazi wataikuta hapo hapo.