Uchovu Ulivyofutwa Kasongo

Kuanzia Jumatatu ile, kwa amri namba kumi na nane ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, uchovu ulifutwa katika njia yote ya kutoka Kasongo hadi Kabambare. Tarumbeta ikapigwa, bendera ikapanda, na karani Grégoire akasoma karatasi kwa sauti ya misa: mwili wa mpagazi umepimwa ofisini, ukaonekana unaweza kufika kwa siku tatu na mzigo wa kilo ishirini na tano. Neno "nimechoka" ni marufuku. Atakayelitamka, au atakayechelewa kufika, siku saba jela.

Kassimu, kapita na msimamizi wa wapagazi, alisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama papai, nalo halikualikwa ofisini siku ya vipimo. Miaka ishirini aliijua njia ile: siku tano, ukijaliwa.

"Bwana," akauliza kwa adabu, "na milima ya Wamaza, nayo imepimwa?"

"Mulima haiko mutu," akajibu Bwana Ajenti, mtungaji wa amri. "Haiko ndani ya karatasi."

Ili kukata maneno, akatangaza kwamba ataongoza safari mwenyewe, kwa miguu, bila kubebwa kwenye kiti cha tipoyi.

Nyumbani Kassimu alimwambia mkewe aanze kuzoea kulala peke yake, maana goti lile halifiki kwa siku tatu. Waridi akalikanda kwa majani ya moto. "Muache mzungu apite mbele," akasema. "Njia itamufundisha."

Siku ya kwanza Bwana Ajenti alikwenda kama mtu anayefukuza mwizi. Jua la utosini likamkuta kiatu kimeanza kumla. Siku ya pili, nusu ya mlima, akalala chali katikati ya njia, uso mwekundu kama mawese. Wapagazi wakasimama na mizigo kichwani. Nani athubutu kulitaja neno lile?

"Bwana iko mugonjwa?" Kassimu akauliza.

"Hapana. Niko nakagua udongo."

Grégoire, aliyefuatana nao na daftari lake, akaandika: ukaguzi wa udongo, muda wa saa mbili.

Kassimu akafikiri kidogo. Goti lilikuwa linawaka. "Bwana, udongo ni mwingi, na wewe uko mumoja. Tusaidie?"

Bwana Ajenti akafumba macho. "Musaidie."

Mizigo ikatuliwa, wapagazi wakakagua. Wengine walikagua mpaka wakakoroma.

Tangu hapo hakuna kijito wala kivuli kilichopitwa bila kukaguliwa. Jioni Kassimu alimwosha Bwana malengelenge kwa maji ya chumvi, akamtandikia ganda la mgomba ndani ya kiatu, na wawili hao wakaingia Kabambare siku ya sita, wakichechemea bega kwa bega.

Siku sita badala ya tatu! Kassimu aliiona jela waziwazi. Lakini Bwana Ajenti naye alikuwa na wakubwa wake, akawaandikia kwamba safari ilicheleweshwa na ukaguzi wa dharura, mara thelathini na moja.

Baada ya mwezi jibu likafika Kasongo. Grégoire akalisoma mbele ya watu wote. Bwana Komisere amefurahi mno. Hajapata kuona ofisa apendaye udongo namna hii. Wapagazi wapewe siku sita daima, ili wasaidie vizuri. Na Bwana Ajenti anateuliwa Mkaguzi wa Udongo wa njia zote, Wamaza, Kabambare hadi Salamabila, kwa miguu, miaka mitatu.

Bwana Ajenti akaketi polepole kwenye ngazi ya ofisi. "Nimechoka," akasema.

Grégoire akachovya kalamu, uso mkavu kabisa. "Niandike siku saba, Bwana?"

Bwana Ajenti akamgeukia Kassimu. "Kule jela, mutu anakaa chini?"

"Anakaa, Bwana. Hata kulala, analala."

"Andika," akasema Bwana Ajenti.