Msumbufu Yuko Karantini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya ushindi! Nimeiwekea kompyuta ya duka programu ya kuzuia virusi. Mwenyewe. Kwa mikono hii hii inayoshona mapazia.

Chanzo ni Fundi Mikasi wa ng'ambo ya barabara, mshona suruali. (Zote zinabana.) Alipita asubuhi akasema kompyuta yangu inakwenda kama mzee anayepanda ngazi, kwa hiyo ina virusi. Alisema mbele ya wateja! Nikamjibu kwamba kwangu hakuna kinachougua ila macho ya majirani. Alipoondoka tu, nikaanza kazi.

Programu ina maswali mengi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Miwani ilikuwa kwenye meza ya kukatia. Sikuifuata. Mtu mwenye msimamo hahitaji kusoma swali ili ajue jibu lake. Nikabonyeza Ndiyo hadi maswali yakaisha yenyewe.

Nimeipa jina Askari. Ilipekua kila pembe, kisha ikaleta alama nyekundu: Tishio limeondolewa. Nikajipigia makofi. Mikasi alichungulia dirishani kwake. Nikampungia mkono kama waziri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Msiba. Msumbufu hayupo!

Msumbufu ni programu ya hesabu za mapazia. Unaiambia upana wa dirisha, urefu na marinda unayotaka, nayo inakwambia ukate kitambaa kiasi gani. Aliitengeneza marehemu mke wangu. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa kwa mwanasheria. Kompyuta alijifunza jioni, kwa ukaidi tu. Hesabu ikiisha, inatoka sauti yake: "Haya, msumbufu. Vaa miwani kabla hujakata." Aliirekodi jikoni, na nyuma yake unasikia kifuniko cha sufuria kikianguka. Alitaka kuirekodi upya, nikamkatalia. Kifuniko chenyewe bado ninacho. Kimebonyea upande mmoja.

Jina Msumbufu ni langu. Alinipa zamani, nilipokuwa nampelekea barua ileile aipige chapa, kila siku nikisema kuna nukta haijakaa vizuri.

Sasa Askari ananiandikia: Msumbufu ni tishio. Amewekwa karantini. Tishio! Tangu nizaliwe sijatishia hata paka.

Nikakata mapazia ya zahanati bila kuambiwa nivae miwani. Basi sikuvaa. Yameishia katikati ya dirisha. Nilimweleza muuguzi mkuu kwamba ni mtindo mpya, ili hewa ipite. Alisema mgonjwa anayebadilisha nguo hahitaji hewa, anahitaji pazia. Mtu wa kizamani sana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nina akili jamani! Nimekumbuka kwamba mke wangu aliweka nakala kwenye flashi, akaifunga uzi wa waridi, akaificha ndani ya kopo la vifungo. Alisema siku moja nitabonyeza mahali pabaya. Wanawake wana wasiwasi wa bure.

Nikafikiri: kosa ni jina. Askari gani atamwachia mtu anayeitwa Msumbufu? Kwa hiyo nikachomeka flashi, na kabla Askari hajageuka nikaibadilisha nakala jina. Nikaiita Mama Mkwe. Hakuna askari duniani wa kumgusa mama mkwe.

Akamgusa. Akamchukua kutoka kwenye flashi yenyewe, mbele ya macho yangu, akamtia karantini pamoja na mwenzake. Hana haya, hana ukwe.

Sasa nje hakuna nakala hata moja. Sauti yake yote iko mikononi mwa Askari. Nimeurudisha uzi wa waridi kwenye kopo. Sikula mchana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi (kwa kompyuta bado ni Februari)

Mpango wa leo ni wa kiwango cha juu, sijui kwa nini wataalamu hawautumii. Msumbufu aliondolewa Jumatatu. Nikirudisha tarehe ya kompyuta hadi mwezi uliopita, basi atakuwa bado hajaondolewa! Nikairudisha. Nikangoja na kikombe cha chai.

Chai ilipoa. Msumbufu hakurudi.

Mteja mmoja alipewa risiti akaikodolea macho, akasema mapazia yake yanaonekana yalikuwa tayari kabla hajayaagiza. Nikamwambia hiyo ndiyo kasi yetu. Aliondoka ameridhika, au amechanganyikiwa; kwa nyuma huwezi kujua.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimeweka programu ya pili ya kuzuia virusi, iikamate ya kwanza.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Niliwakumbuka wahenga baada ya kubonyeza. Kila mmoja alimwita mwenzake tishio. Feni ya kompyuta ikalia kama cherehani isiyo na mafuta, kioo kikaganda, mshale ukakataa kusogea.

Mikasi akavuka barabara kuja kuangalia, na nusu suruali mkononi. Nikasema kompyuta inatafakari. Akasoma yale maandishi mekundu kwa sauti: Msumbufu ni tishio. Akacheka hadi akaegemea mlango. Eti kumbe hata mashine imekujua, jirani!

Jina lile si lake kulitamka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimezima, nimewasha, nimeingia ndani ya karantini yenyewe. Na nikawaona! Msumbufu na Mama Mkwe, wamelala sambamba. Chini yao pana kitufe: Safisha karantini.

Hapo nikaelewa kila kitu. Wodi ikisafishwa, wagonjwa wanaogeshwa, wanabadilishiwa shuka, wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Akili ya kawaida tu. Lakini kabla ya kubonyeza nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayesimamia kompyuta za maktaba. Si kuomba msaada! Nilitaka awe shahidi. Nikamwambia kwamba dada yake anatoka leo, namsafisha sasa hivi.

Alipiga kelele nikaiondoa simu sikioni. Usiguse! Shemeji, ondoa mkono! Kwa mashine, kusafisha karantini ni kufuta vyote vilivyomo, moja kwa moja. Akasema nitoke nje, nikae kwenye ngazi, nisishike hata swichi ya taa.

Nikakaa kwenye ngazi. Mikono nikaikalia, isije ikagusa kitu.

Alifika kamba za kiatu kimoja hazijafungwa. Kwanza alimtimua fahali wa pili. Akarekebisha tarehe, akaniuliza nani aliirudisha Februari. Nikasema huenda ni umeme. Kisha akaingia karantini, akamchagua Msumbufu, akabonyeza Rejesha. Kisha akamweka katika vitu ambavyo Askari haruhusiwi kuvigusa. Kazi ndogo kiasi hicho! Nilibakiza kidogo tu niifanye mwenyewe.

Nikamuuliza kosa la Msumbufu lilikuwa nini kama si jina. Akasema Askari huzijua programu za makampuni makubwa. Hii imetengenezwa nyumbani na mtu mmoja, haina mhuri wa mtu yeyote, basi akaishuku. Kwa Askari, dada hajulikani.

Hajulikani! Mtu aliyezikwa na mtaa mzima, hadi waliokuwa hawasalimiani wakashikana mikono! Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Shemeji aliingiza vipimo vya dirisha la mbele la duka. Hesabu ikazunguka, ikaisha.

"Haya, msumbufu. Vaa miwani kabla hujakata." Na kifuniko: kling'!

Shemeji akageukia majora ya vitambaa, akawa anayapanga. Yalikuwa yamepangwa tayari. Nami nikavaa miwani, ingawa hapakuwa na cha kukata.

Kabla ya kuondoka alinionyesha jinsi ya kuwaandikia wenye Askari kwamba wamekosea. Kuna kisanduku kinauliza: Kwa nini unaamini programu hii ni salama? Alitaka kunisaidia. Nikakataa. Nikaandika hivi:

"Niliishi na aliyeitengeneza hadi alipofariki. Hakuwahi kumdhuru mtu, ila mwaka mmoja aliitupa kofia yangu ya kahawia, nayo ilistahili. Alikagua hesabu hizi kwa futi ya kamba, dirisha moja moja, nyumba nzima na ya jirani. Msumbufu si tishio. Msumbufu ni mimi. Mnaweza kuuliza mtaani."

Shemeji alisoma, akasema tusibadilishe hata nukta.

Jumatano, tarehe 12 Machi

WAMEJIBU! Kampuni kubwa namna ile! Wanasema wameichunguza, ni salama, kosa ni lao, na kuanzia toleo lijalo Askari hataiondoa tena popote itakapokuwa. Popote! Maana yake kila kompyuta yenye Askari duniani itakuwa inamjua mke wangu. Alikuwa akipiga chapa barua za watu wengine, leo yeye ndiye anayeandikiwa.

Nimelichapa jibu, nimelitundika juu ya cherehani, mahali ambapo Mikasi hawezi kukwepa kuliona. Limeandikwa kabisa: Msumbufu hana madhara. Nilimwomba asome kwa sauti, kama alivyosoma lile la kwanza. Alisoma. Alipofika mwisho akavua kofia, akasema mama alikuwa na kichwa. Nikasema ndiyo, alikuwa nacho.

Mapazia ya zahanati nimeyashona upya, safari hii na miwani. Muuguzi mkuu kayavuta, kayaachia, kasema sasa ndiyo mapazia. Nikamwambia mitindo inabadilika haraka.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Sifa zinasafiri. Leo Mikasi amevuka barabara kwa unyenyekevu, mikono nyuma. Kompyuta yake imekuwa nzito, na ndimo zilimo ramani zake zote za suruali, alizozitengeneza mwenyewe, kazi ya maisha yake. Akaniomba, kwa kuwa kampuni kubwa zinaniandikia, nikamwekee Askari. Akaniita daktari. Daktari!

Nikavuka nikiwa nimebeba begi, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu. Daktari hatembei mikono mitupu.

Msumbufu alikuwa amenikumbusha asubuhi ileile kuhusu miwani. Nilimtii, nikakata, kisha nikaivua nikaiacha dukani, juu ya meza ya kukatia. Hapa sikuja kukata.

Askari akaingia vizuri. Akapekua, alama nyekundu zikajaa kioo. Likaja swali refu, kwa zile herufi zake za mayai ya chawa. Mikasi akainama begani kwangu, akauliza linasema nini. Neno moja tu nililiona barabara, kwa kuwa limeandikwa kwa herufi nene: Safisha.

Nikamwambia atulie, jirani, usafi haujawahi kumuua mtu. Nikabonyeza Ndiyo.