Ombi la Kufutwa Uanachama Kabla ya Jumamosi

Mbeti Ndeti,
Jericho, Nairobi.
Jumatano.

Kwa Katibu wa Uanachama,
Chama cha Wahandisi Wenza,
Nairobi.

Mheshimiwa Katibu,

KUH: KUONDOLEWA KWA JINA LANGU KATIKA ORODHA YA WANACHAMA, IJUMAA SAA KUMI JIONI IKIWA NDIYO MWISHO

Natumaini u mzima, na kwamba lifti ya jengo lenu imetengenezwa. Mara ya mwisho nilipokuja nilipanda ngazi pamoja na wahandisi kumi na wanne, na kila mmoja wetu alikuwa na maoni.

Mimi ni mwanachama wenu wa mwaka wa saba, sasa nikiwa katika daraja la wahitimu. Sijakosewa na mtu yeyote ofisini. Lalamiko langu ni zito kuliko hilo: kila mlichoniahidi kimetimia. Nina kijitabu chenu hapa mezani, kile chenye picha ya daraja kwenye jalada, kiitwacho "Faida za Uanachama Katika Kila Hatua ya Maisha ya Kazi". Nimekisoma usiku na mchana kama mshtakiwa anavyosoma hati ya mashtaka. Naomba kueleza madhara ya faida hizo moja baada ya nyingine, ili mkichapisha toleo jipya muwaonye wengine.

1. Ukurasa wa tatu unasema mwanafunzi akijiunga "ataiona dunia kwa jicho jipya". Nilijiunga nikiwa mwaka wa pili chuoni kwa sababu siku hiyo mlitugawia soda, kalamu na kofia ngumu ya manjano, nami nilikuwa msichana asiyejua kuzungumza na watu. Nilidhani ni rahisi zaidi kukaa na watu wanaozungumza kuhusu nguzo. Hapo sikukosea. Lakini jicho mlilonipa halifumbi. Kanisani, wenzangu wanapoinamisha vichwa kusali, mimi nahesabu wanakwaya waliopanda lile jukwaa la mbao, nazidisha kwa kilo sabini, kisha namwomba Mungu jambo mahususi kuliko wanaloomba wengine wote. Kijitabu hakisemi popote kwamba jicho la zamani halirudishwi.

2. Ukurasa wa tano unaahidi "mlezi wa taaluma atakayekushika mkono". Mlinipa Mhandisi Gedi. Hakunishika mkono hata siku moja. Alishika kalamu nyekundu. Kwa miaka mitatu nilimpelekea daftari langu la kazi kila Ijumaa, na kila nilipoandika kwamba simiti imechanganywa sawasawa au nondo zimefungwa vizuri, aliandika pembeni: "Umeona au umeambiwa?" Kama niliambiwa, ukurasa mzima haukupata saini.

Sasa ugonjwa huo umeingia nyumbani. Mama akisema mchele umeiva, swali linanitoka kabla sijalizuia. Kijana mmoja wa Buruburu aliniambia ananipenda kabisa. Nilimwuliza kabisa ni kiasi gani, na amekipimaje. Alilipia chai, na tangu siku hiyo sijamwona. Hilo naliandika kwa sababu nimeliona, si kwa sababu nimeambiwa.

3. "Utatambulika katika jamii." Nimetambulika. Mama alitundika cheti chenu ukutani, kati ya picha ya marehemu baba na kalenda, na nyumba zetu za Jericho mnazijua: mlango ukiwa wazi, aliye barabarani anasoma hadi muhuri. Tangu hapo naletewa pasi, redio, majiko ya gesi na saa moja ya ukutani iliyokuwa inarudi nyuma. Mama Ummulkheir mwenye duka aliniita nikatazame friji yake. Nilimweleza kwa adabu kwamba mimi ni mhandisi wa majengo. Akanitazama kwa huruma ile ya watu wa pwani, akasema, "Mwanangu, daktari wa macho hawezi kujua kama mtu ana homa? Shika hapo, ni moto." Nilishika. Ilikuwa moto. Nikamwambia kuna hitilafu, naye akawaambia wateja wote waliokuwepo kwamba sasa amepata uhakika wa kitaalamu.

Haya yote ningeyavumilia hadi uzeeni. Kinachonileta kwenu ni la nne.

4. Ukurasa wa tisa, kanuni za maadili, sentensi ya kwanza: "Mwanachama ataweka usalama wa umma mbele ya mambo mengine yote." Naomba tafsiri rasmi. Je, mjomba ni umma? Shangazi watatu ni umma? Mdogo wangu Wavinya, ambaye Jumamosi hii anatolewa mbuzi, ni umma?

Nieleze. Wavinya anachumbiwa na Nyongesa, kijana wa Bungoma aliyekubali kufuata desturi yetu ya Kikamba bila ubishi, jambo linaloonyesha anampenda kweli. Desturi yenyewe ni ntheo: upande wa bwana huleta mbuzi watatu, na bila mbuzi hao binti hahesabiwi kuwa mke wa mtu, hata awe na watoto sita na cheti cha kanisa. Nyumba ya mama ni chumba kimoja na jiko, kwa hiyo mjomba wetu Nzivo, kaka yake mama, aliyetulea na kunisomesha tangu baba alipofariki, akatoa paa la jengo lake la kupangisha la Donholm. Jengo hilo lilichorewa msingi wa ghorofa mbili. Lina nne. Ya tatu iliongezwa mwaka biashara iliponoga, na ya nne mwaka uliofuata, ili ya tatu isipweke.

Mwezi uliopita nilipanda huko nipime mahali pa kuweka hema. Chini ya paa, katika ukumbi wa ghorofa ya nne ambamo wazee wa pande zote mbili watakaa kujadiliana, niliona ufa kwenye boriti, katikati kabisa. Niliubandikia kipande cha kioo kwa plasta, nikaandika tarehe. Kioo hakinyumbuki; kikivunjika, maana yake ufa unatembea. Kilivunjika siku ya tisa. Nilipomwonyesha mjomba, aliupaka ufa rangi ya maziwa iliyobaki Krismasi. Siku ya nne ufa ulitokeza juu ya rangi.

Nikakaa nikapiga hesabu, Mheshimiwa Katibu, kama mlivyonifundisha. Wageni mia moja na ishirini ni kilo elfu nane na mia nne. Matangi matatu ya maji ni kilo elfu sita. Kuna hema, masufuria, spika mbili zenye ukubwa wa kabati. Mbuzi ndio wageni wepesi kuliko wote. Na hiyo ni hesabu ya watu waliotulia. Ngoma ikianza uzito huwa si ule tena, na sisi Wakamba hatuchezi tukiwa tumekaa.

Nilimpelekea mjomba hesabu hiyo ikiwa imeandikwa vizuri, pande mbili. Hakuisoma. Alisema, "Mbeti, ufa ni mstari tu. Hata wewe ukizeeka utapata mistari usoni, tukuhame?" Watu wakacheka. Kisha akasema lile lililobaki nami: "Nilikusomesha uwe injinia wa kujenga. Wa kubomoa tungempata bure."

Jambo likawa baya zaidi Jumapili, pande zote mbili zilipokutana kwa mjomba kupanga sherehe. Baba mdogo wa Nyongesa, karani mstaafu wa ujenzi, mtu mpole mwenye miwani, aliuliza kwa heshima kama paa hilo limekaguliwa. Mjomba akamjibu kwa fahari kwamba familia ina injinia wake, mwanachama kamili wa chama, na kwamba injinia huyo ataandika barua, aweke saini na namba ya uanachama. Akanigeukia mbele ya wote. Nikasema siwezi.

Wavinya alisimama. Hakulia; afadhali angelia. "Si useme tu hutaki niolewe kabla yako? Ufa, ufa, ufa! Hata mimi ungenipata na ufa ungenibandikia kioo." Tuliporudi Jericho mama alikishusha cheti, akakipangusa vumbi, akakitundika tena kikiwa kimetazama ukuta.

Sasa tazameni mlikonifikisha. Kama ningekuwa mpwa tu, kunyamaza kwangu kungekuwa adabu. Kwa kuwa mimi ni mwanachama, kunyamaza ni kosa. Kama ningekuwa dada tu, ningeandika barua hiyo ya kitaalamu kwa furaha, kwa sababu isingekuwa na thamani yoyote. Kitu pekee kinachoifanya saini yangu iweze kuua mtu ni namba mliyonipa.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mchague mojawapo ya haya:

(a) Mnifute kabla ya Ijumaa saa kumi, ili Jumamosi niamke nikiwa mjinga kisheria.

(b) Kama taratibu ni ndefu, mnirudishe daraja la wanafunzi. Mwanafunzi anaruhusiwa kuuona ufa na kudhani ni kivuli.

(c) Kama hilo nalo ni gumu, mnisimamishe kwa siku moja tu, Jumamosi, tangu saa nne asubuhi hadi wageni wa Bungoma watakapopanda basi. Jumapili nitaendelea na maadili yangu kama kawaida.

(d) Au mnistaafishe. Ukurasa wa kumi na mbili unasema wanachama wastaafu "hufurahia heshima bila mzigo wa majukumu". Nina miaka ishirini na saba, lakini kwa wiki hii mgongo unaniuma na nimesahau majina ya watu. Nadhani nimetimiza masharti.

(e) Au mrekebishe kanuni iseme "usalama wa umma, isipokuwa ndugu wa mwanachama hadi binamu wa pili". Ndugu wana haki ya kuangukiwa na jengo lao wenyewe bila kuingiliwa na mtaalamu waliyemsomesha.

(f) Ikishindikana kabisa, muwaandikishe ukoo wote kuwa wanachama. Ni watu themanini na wawili, nimeambatisha orodha. Mjomba mumpe mlezi mwenye kalamu nyekundu. Shangazi zangu muwape kofia za manjano. Hapo hatia ya kujua itagawanywa kwa themanini na wawili, na fungu langu nitaweza kulibeba bila kukosa usingizi. Nimekokotoa.

Sina kinyongo na chama. Kusema kweli, katika miaka hii saba sehemu pekee ambayo sikuhitaji kujieleza ni kwenye mikutano yenu ya Alhamisi, ambapo mtu akisema "boriti ile inanisumbua" hakuna anayemwuliza kama anataka kuolewa. Ndiyo maana naomba mnifute haraka, kabla sijabadili nia.

Nisalimieni Mhandisi Gedi, na mumwambie nimeona, sikuambiwa. Nisalimieni dada wa mapokezi anayegonga muhuri kwa nguvu kana kwamba anaua mende, mzee wa chai, wanachama wa madaraja yote na familia zao, na bawabu wa chini asiyeniamini kila ninapomwambia naenda mkutano wa wahandisi.

Wenu kwa heshima, na natumaini kwa mara ya mwisho,

Mbeti Ndeti
Mwanachama Mhitimu (mtakapopokea barua hii, kateni hapo)

Nyongeza, Alhamisi saa sita mchana.

Kabla ya kuileta barua hii nilipitia Donholm kumwambia mjomba kwamba nimejiuzulu na sasa naweza kusaini chochote. Nilimkuta juu ya paa, peke yake, akipanga viti vya plastiki. Hakuniona. Nilisimama mlangoni nikamtazama muda mrefu. Alivipanga viti vyote kandokando ya ukuta. Kila alipotaka kuvuka kwenda upande wa pili alizunguka, akipapasa ukuta kwa mkono. Katikati hakukanyaga hata mara moja.

Nilimwita. Tulitazamana. Nilishuka hadi dukani, nikanunua kufuli, nikarudi. Alikuwa amekwisha kutoka, amekaa kwenye ngazi. Nilifunga mlango wa paa mbele yake, naye akasema tu, "Haya, injinia. Na viti vyangu je?" Nikamwambia viti vibaki, si vizito. Maji ya matangi mawili tumeyafungulia pamoja, na wapangaji tumewaomba radhi.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Tafadhali kaeni nao hadi Jumatatu nitakapokuja na Mhandisi Gedi kuitazama boriti, kwa sababu nikibaki nao mimi nitaombwa na watu ninaowapenda.

Sherehe imehamishiwa uwanjani, nyuma ya nyumba zetu hapa Jericho. Wavinya bado hasemi nami, lakini amemtuma mama aniulize kama uwanja nao utawabeba watu wote hao. Yule karani mstaafu pia bado anataka barua yake. Nimeiandika. Nimesema nimeukagua uwanja kwa miguu yangu mwenyewe, kwamba ni ardhi, na kwamba utawabeba wageni mia moja na ishirini, mbuzi watatu na bibi harusi, hata wakiruka wote kwa pamoja. Nimeweka saini na namba yangu ya uanachama.

Kwa hiyo namba hiyo msiiguse.