Mashua ya Marehemu Mkwe Haina Nguvu

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe ametoa tamko. Mashua ya marehemu baba mkwe haiwezi kuendelea kugombaniwa na wanaume wawili wazima. Jumamosi saa nne asubuhi nimpeleke hadi mnara wa taa, nimrudishe kabla ya chakula cha mchana. Nikifaulu, ni yangu. Nikishindwa, inakwenda kwa mwanyumba wangu, yaani yule bwana aliyemwoa dada wa mke wangu, ambaye huvaa kofia ya unahodha hata akienda kunyolewa.

Jambo dogo. Jioni nikashuka gatini kuijaribu injini. Ikawaka mara moja. Nikaingiza gia, nikasukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Ikanguruma, ikatoa moshi mweusi, na mashua ikasogea kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Bata wawili wakatupita. Hawakuwa na haraka.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwita Mama Spana, fundi mitambo wa hapa gatini. Hakugusa kitu. Akauliza mashua imekaa muda gani bila kutumika. Miezi saba. Akauliza nani ameikagua propela. Nikamwambia mgonjwa ni injini. Akasema injini inazunguka vizuri ikiwa haina gia, ila ikianza kusukuma inalemewa, kwa hiyo kuna kitu kinaishika huko chini. Nivae kaptula, nizame, nikaone.

Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa mitambo, si samaki, na maji yenyewe ni baridi. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akabeba sanduku lake, akaenda zake.

Sikupenda. Anajua kabisa hali ya magoti yangu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata jibu. Hujuma. Mwanyumba alionekana gatini wiki iliyopita akipiga mluzi, na mtu asiye na hatia hapigi mluzi. Ametia sukari kwenye tangi.

Nimemwaga dizeli yote kwenye ndoo tatu, nikaichuja kwa mtandio wa hariri wa mke wangu. Sukari hakuna. Nikaonja tone moja, kwa uhakika. Si tamu. Hii inaonyesha jinsi bwana yule alivyo mjanja.

Mke wangu ameuliza mtandio uko wapi. Nikasema uko kwa dobi. Akaniuliza mbona mdomo wangu unanuka kituo cha mafuta. Nikaenda kulala mapema.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefunga chujio jipya la mafuta. Moshi uleule. Nimeisugua injini na kuipaka rangi nyekundu, maana hata mashine inahitaji kutiwa moyo. Moshi uleule, sasa unanuka rangi.

Mchana ukweli ukanijia. Injini haina kosa. Mashua ndiyo nzito. Nimeshusha jiko, magodoro, ngazi, tangi la maji na nanga, nikavipeleka nyumbani kwa mkokoteni. Nilitaka kushusha na tanga, lakini mafundo ya marehemu yamenishinda. Mama Spana alipita, akaniuliza kama ninahama.

Ijumaa, 7 Juni
Mwanyumba amekuja na miwani ya kuzamia. Akasema, kwa upole wa kutia kichefuchefu, kwamba hana tamaa na ushindi wa namna hii. Nimruhusu azame dakika kumi aitazame propela. Yaani afute ushahidi mbele ya macho yangu. Nimemfukuza. Aliniambia nimsalimie mke wangu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe aliketi juu ya ndoo, kwa kuwa godoro liko nyumbani. Tukaanza safari saa nne kamili. Mwanyumba akatufuata kwa miguu juu ya ukuta wa bandari, mikono nyuma, akizungumza na mama mkwe habari za wajukuu. Mara mbili alisimama kutusubiri.

Tulipoupita ukuta, upepo ukaongezeka. Taa nyekundu ya joto la injini ikawaka, injini ikachemka, ikazimika. Tukaanza kupelekwa kwenye miamba.

"Teremsha nanga," mama mkwe akasema.

"Iko nyumbani, mama. Chini ya kitanda."

Miamba ilikuwa karibu kiasi kwamba niliona kaa wakitupisha. Niliogopa, na ninaandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma.

"Shika usukani," akasema. "Usifanye kingine chochote."

Akavua viatu. Ana miaka sitini na nane. Akafungua mafundo kana kwamba anafungua vifungo vya kanzu ya mtoto, akavuta kamba, tanga likapanda likajaa. Dakika ishirini tukawa kwenye mnara wa taa. Tukarudi kabla ya chakula.

Tukafunga kamba gatini.

"Marehemu naye alikuwa hivyohivyo," akasema. "Mlidhani miaka yote ile nani alikuwa anairudisha?"

Mashua haipewi mtu. Anabaki nayo mwenyewe. Mwanyumba alivua kofia. Mimi sikuwa nayo ya kuvua.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu amezama asubuhi. Alikaa chini kidogo tu, akaibuka na kipande kirefu cha kamba kuukuu na viganja vimejaa magamba ya baharini. Alisema propela ilikuwa imevimba kama mzinga wa nyuki. Akaikwangua. Mashua ikakimbia hadi mawimbi yakatikisa gati.

Wote wakanigeukia. Nikasema nilishuku hilo tangu mwanzo, ila sikutaka kuingilia kazi ya Mama Spana.

Wakati wa chakula mama mkwe amelalamika kwamba pampu ya kisima chake haisukumi maji vizuri. Fundi bomba anakuja Jumatano. Nimempigia, nimemwambia asijisumbue. Pampu yenyewe sijaiona bado, lakini tatizo nimeshalijua.