Nuru Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu amehamia kwa kaka yake. Hatukugombana. Nilimweleza tu, kwa sauti ya kusikika, namna ya kufunga mlango wa friji. Akasema miaka yote hii namfundisha kuishi kama ninavyowafundisha watu kuendesha gari, na amechoka kuwa mwanafunzi. Akachukua begi la bluu. Akasema atarudi Jumapili kuchukua vilivyobaki, isipokuwa akinikuta nimekuwa mtu mwingine.

Mtu mwingine! Kufikia Jumapili! Haya. Nimewafundisha watu wasiojua kulia na kushoto wakapata leseni. Hili ndilo litanishinda?

Akiwa mlangoni akaongeza kwamba kaka yake hajawahi kumpazia mtu sauti. Kweli. Shemeji ni mfamasia, na kila alfajiri hukaa juu ya mto, macho kayafumba, akifuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Anatafuta nuru ya ndani. Ameitafuta miaka na miaka na hajafika. Mwanafunzi wa namna hiyo mimi ningemshauri anunue baiskeli.

Uamuzi: nitapata nuru kabla ya Jumapili. Shemeji nitamwachia vumbi.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia shemeji, nikijifanya namuulizia rafiki. Njia anazozijua ni mbili. Ya kwanza, kufuata pumzi: unakaa, unaitazama, mawazo yakitoroka unayarudisha bila kuyakemea. Ya pili, kujihoji: kila wazo likija unauliza, linamjia nani? Mimi ni nani? Unaendelea kumsaka muulizaji mpaka usimwone tena.

Nikauliza ipi fupi. Shemeji akashusha pumzi, pumzi yenye mafunzo mengi ndani yake. Akasema haya si mashindano. Ndivyo asemavyo kila anayeongoza!

Nimeanza na pumzi, ofisini, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Ikaingia. Ikatoka. Nikakumbuka bosi ameegesha gari upande. Nikarudisha mawazo. Yakatoroka tena. Bila kuyakemea? Akili inatoka kwenye mstari wake bila hata indiketa, nami niitazame tu? Nikaikemea vizuri sana. Bosi akatoka chumbani kwake kuuliza namfokea nani.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi, pumzi tena, juu ya mto wa mke wangu. Utulivu mkubwa ajabu. Mwili mwepesi. Wakati umesimama. Nilipofumbua macho shavu langu lilikuwa sakafuni na nimechelewa kazini.

Hukumu: pumzi ni barabara nzuri, ila ina foleni.

Jioni nikapanda ghorofa ya juu kwa karani mstaafu. Huyu ni mtu wa kujihoji, jengo zima linamkwepa. Nikabisha hodi. Akauliza kutoka ndani, nani. Nikasema ni mimi. Akasema hilo si jibu. Nikataja jina langu. Akasema hilo ni jina tu. Nikasema jirani wa chini. Akasema hiyo ni anwani. Nikakasirika, nikamwambia afungue mlango. Akauliza kwa upole, aliyekasirika ni nani?

Hakufungua. Nilikaa kwenye ngazi hadi miguu ikafa ganzi, ndipo nikang'amua kwamba somo lilikuwa limeshaisha. Njia hii inanifaa mno! Haihitaji mto wala kukaa kimya. Ni kuuliza maswali magumu na kukataa majibu, kazi ninayoifanya kila siku.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwa shida. Shingo haigeuki.

Mwanafunzi wa asubuhi alikuwa daktari wa meno. Kliniki yake iko juu ya duka la dawa la shemeji. Dada mpole, mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia atazame kioo, anatazama mpaka umwambie aache. Sheria ya gari letu anaijua kama jina lake: dereva ni mmoja tu. Mwalimu akishika, mwanafunzi anaachia kila kitu. Ndiyo maana upande wangu kuna breki ya pili.

Tulikuwa kwenye barabara ya maduka, mwendo wa kinyonga. Nikaona niunganishe kazi na safari ya roho. Nikafumba macho, nikauliza kwa sauti nzito: nani anaendesha gari hili? Akajibu, mimi, mwalimu. Nikamwambia hilo si jibu. Achunguze vizuri.

Akachunguza. Akili yake ni ya kisayansi. Kama si yeye, basi ni mimi. Akaachia usukani. Akakunja mikono mapajani.

Mimi macho nimefumba, mguu nimeuondoa kwenye breki ili nisisumbuliwe na mwili. Nilikuwa karibu kabisa na jibu. Tukapanda ukingo wa barabara, tukaingia kwenye magodoro yaliyopangwa nje ya duka la vitanda, na kwenye nguzo iliyokuwa nyuma yake.

Kimya. Sikusema neno. Mimi! Nilitaka. Niliyapanga matusi yote kwa mpangilio mzuri, lakini taya liligoma. Daktari akanigeukia, amejishika kiwiko. Akasema, mwalimu, hata hukufoka. Akasema hajawahi kuona mtu aliyetulia namna ile. Mwenye duka alikuja akapiga kelele mpaka akachoka, nami nikamtazama tu. Naye akaishia kuniomba radhi.

Ijumaa, 13 Juni

Bosi ameniamuru nisionekane ofisini mpaka taa ya mbele ibadilishwe. Nimemshukuru. Watafutaji wakubwa wote hujitenga na watu.

Habari zimeenea! Daktari anasimulia kila mgonjwa anayekaa kwenye kiti chake, na mgonjwa mwenye mdomo wazi hawezi kumkatiza. Mchana shemeji akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. Akaniuliza nini kilitokea ndani yangu wakati ule. Nikamjibu ukweli mtupu: sikumbuki kitu, ni kama hapakuwa na mtu. Nikamsikia akiketi. Akasema hiyo ndiyo hali anayoitafuta maisha yake yote.

Pole, shemeji. Wengine tumezaliwa na mguu mwepesi.

Jumapili watakuja pamoja.

Jumamosi, 14 Juni

Matayarisho. Nimesogeza kochi ili mwanga wa dirisha uniangukie kichwani. Nimejaribu nyuso mbele ya kioo. Upole: naonekana mgonjwa. Huruma: naonekana nataka kupiga chafya. Nimechagua uso usio na kitu. Shingo iliyokakamaa inasaidia sana.

Mke wangu atakaponiona, begi litamwanguka mkononi. Sitasema nilikwambia. Nitanyamaza kwa namna ambayo atajua nilimwambia.

Jumapili, 15 Juni

Walikuja. Mwanga ulikuwa umeshahama kichwani ukawa mgongoni, lakini shemeji alivua viatu mlangoni na kuketi chini mbele yangu. Chini! Machozi yakamlengalenga. Mke wangu alinitazama kidogo tu, kisha akauliza, daktari anaendeleaje?

Daktari gani?

Akaniambia kiwiko kimevimba, hawezi kung'oa hata jino la mtoto mpaka wiki ijayo. Akauliza kama nimempigia kumjulia hali. Nikaeleza kwamba katika hali yangu ya sasa hakuna anayempigia wala anayepigiwa. Hapo ndipo alipokasirika. Akasema daktari aliuona utulivu kwa sababu hanijui. Yeye ananijua. Uso ule ameuona siku lifti ilipokwama na sisi ndani. Uso wa hofu. Siku ile alinishika mkono, akanitoa pole pole, na mpaka leo sijamuuliza kama na yeye aliogopa.

Akasema: "Wiki nzima unauliza wewe ni nani. Mimi hujaniuliza hata nimelalaje."

Iliniuma. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma. Iliniuma kifuani, mahali pale pale pumzi inapopita, na kwa dakika moja sikuwa na mpango wowote. Nikamwomba akae. Nikamuuliza, kwa dhati kabisa, hali yake.

Akakaa. Akavua kandambili, kitu ambacho hakifanyi akiwa na haraka. Akaanza kusema. Halali vizuri siku nyingi. Kazini wamempunguzia saa bila kumwambia sababu. Anamkumbuka mama yake. Sauti yake ilikuwa laini na mimi nilikuwa nasikiliza, naapa nilikuwa nasikiliza! Lakini akatoka kwa mama akarudi kazini, kutoka kazini akaingia kwa jirani, hajamaliza hata moja. Nikamsimamisha. Nikamweleza, kwa nia njema, kwamba mtu hageuzi mada bila kutoa ishara, na aanze upya kutoka mwanzo.

Akavaa kandambili.

Ameondoka na vitu vyake vyote. Ameacha pasi tu. Mtu asiye na nia ya kurudi haachi pasi.

Jumatatu, 16 Juni

Shemeji hakuondoka naye. Amebaki kwangu awe mwanafunzi wangu! Amelala sebuleni, na alfajiri nilimkuta juu ya mto akifuata pumzi. Kimakosa! Anatoa kabla hajamaliza kuingiza. Nimemwonyesha. Amerudia mara nyingi, na kufikia chai akasema anaona nyota. Dalili nzuri. Nafsi inaanza kuachia.

Mke wangu amepiga simu kumuuliza kaka yake kama anahitaji nguo. Nikaipokea mimi. Nikamuuliza amelalaje. Nimejifunza, naweza kubadilika, mtu aseme atakalo. Akasema amelala fofofo mpaka jua likatoka, nyumba yote kimya, hajalala hivyo tangu tuoane.

Nikamwambia usingizi huo umetokana na mimi. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli kabisa, umetokana na mimi.

Hatimaye amekubali.